Gunia Lililomshinda Sylvesta

Siku hizi ukipita kwenye stoo ya vitunguu ya mzee Abdulwahabu, huku nyuma ya barabara kuu ya Karatu, utadhani umeingia zahanati. Kimya. Magunia madogo madogo yamepangwa kwa adabu, toroli zinasukumwa, watu wamevaa vizibao vya kung'aa na viatu vigumu, na ukutani kuna picha ya mtu anayeinua boksi huku amekunja magoti. Fuso linajaa bila mtu kuguna. Vizuri, sikatai. Wanarudi makwao wakiwa wazima, na mimi ni mama wa watu, siwezi kuomba waumie ili masikio yangu yapate raha. Lakini nina haki ya kukumbuka, au na kukumbuka nako kuna mkaguzi wake?

Mimi ndiye ninayeuza chai na maandazi pale getini. Jina langu ni Hamisa, ila wote wananiita Mama Muksini, kwa jina la mwanangu wa kwanza, na nimekaa hapo tangu stoo hiyo ina ukuta wa mabanzi. Mdomo ninao, hilo wanalijua, na asiyetaka kuambiwa ukweli huenda kunywa chai kwingine. Katika watu wote niliowamiminia chai getini, ninayemkumbuka kila asubuhi ukungu ukishuka kutoka Ngorongoro ni Sylvesta wa Kansay.

Sylvesta alikuwa mkuu wa wapakiaji. Mrefu, mwembamba, mpole wa sura, ukimkuta barabarani usingempa hata ndoo ya maji akubebee. Alikuja mjini kijana, na katambuga za tairi mguuni, akasema anabeba msimu mmoja tu apate mabati ya nyumba. Mabati aliyapata, akapata na mke, Marsela, binti wa jirani zao hukohuko Kansay, lakini msimu haukuisha. Akawa ndiye anayepanga nani atangulie, nani apokee juu ya gari, na nani leo apumzike kwa sababu macho yake mekundu.

Mambo yake sasa. Kabla ya kuinua gunia alikuwa analiamkia. "Shikamoo, mzee," analiambia, kwa heshima kabisa, mkono kifuani. Akishalitua ndani ya Fuso analipiga kofi dogo: "Haya kijana, safari njema." Kwake gunia lililo chini lilikuwa mkubwa wake, likishabebwa limekuwa mtoto. Watalii waliosimama kununua maji duka la jirani walimtazama wakidhani anasali. Mimi nilimwambia, shemeji, hayo magunia yangekuwa na akili yangekuitikia marahaba na kukupa ushauri utafute kazi nyingine.

Na wimbo. Alianzisha yeye na wenzake wa Kansay kwa Kiiraqw, Loserian akajibu kwa Kimasai, Loserian yule wa Nainokanoka aliyemwachia kaka yake ng'ombe akaja kutafuta maisha mjini, na wale wa kutoka Singida wakaitikia wanavyojua wao. Hakuna kundi lililoelewa maneno ya jingine, na miguu yote ilikanyaga pamoja. Nilikuwa nakanda unga kwa kuufuata wimbo huo. Siku hizi nakanda kwa redio, na maandazi yanatoka yamenuna.

Ila nisikudanganye, kilichokuwa kinabebwa kilikuwa balaa. Ni lumbesa. Unajaza gunia mpaka mdomoni, halafu unalivika wavu juu, unajaza tena mpaka linaota kilemba, ndipo unashona. Mkulima analipwa gunia moja, mgongo unabeba karibu mawili. Lumbesa ilipigwa marufuku zamani, ikapigwa marufuku tena, na kila msimu vitunguu vya Mang'ola vilikuwa vinafika Karatu na vilemba vyao kama masharifu wanaokwenda Maulidi.

Wapakiaji nao walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote: hakuna mtu anayeshindwa na gunia. Ukiumia, umeumia kwingine. Mmoja aliteguka kiwiko, akasema alikuwa anakamua ng'ombe. Mepukori, ambaye ndiye mcheshi wao, aliota uvimbe begani, akasema amelalia vibaya. Mwingine goti lilijaa maji, akasema ni ngoma ya harusi. Nilikuwa nawaambia, jamani, nyumba zenu zina hatari gani hizo, si mhamie hapa stoo penye usalama? Wanacheka. Nami nacheka nao, namimina chai. Aliyesema gunia limemshinda hakufukuzwa na mtu, la hasha. Waliacha tu kumwitikia wimbo, na baada ya juma moja anajiondokea mwenyewe.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Ilikuwa masika, udongo wetu ule mwekundu umeshika kila kiatu, na ubao wa kupandia Fuso umelowa. Mzee Abdulwahabu mwenyewe alikuwa ameshuka Mang'ola kuangalia mzigo. Mimi nipo kwenye karai langu la mafuta, nikasikia wimbo umekatika katikati. Haukuisha, umekatika. Nikakimbia na kijiko cha maandazi mkononi.

Sylvesta alikuwa ameketi kwenye ubao, mikono imeshika kingo mbili, na lumbesa limepasukia chini, vitunguu vinabingirika matopeni. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu na jasho linamtoka na baridi yote ile. Alipenda kuniona nikicheka, basi akajikaza kisabuni akaniambia, "Mama Muksini, maandazi yako yanaungua." Kweli yaliungua. Sikuyajali.

Wenzake walikusanya vitunguu, wakaosha ubao, wakamshusha kwa makwapa. Halafu, heri hata nisingeona, wakampakia mishikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na Mepukori, na mgongo ule, na barabara ile, mpaka Kansay. Tajiri alivyorudi jioni aliambiwa Sylvesta ameanguka nyumbani kwake akiziba bati linalovuja.

Mzee Abdulwahabu si malaika, nimfahamuvyo mimi. Vilemba vya lumbesa na yeye vilimfaa. Kwa tajiri mwingine habari ya bati ingekuwa sikukuu. Lakini ana hofu ya Mungu, na mwaka ule alikuwa ametoka semina, amewaandikia watu mikataba, amesajili stoo, anachangia mfuko wa fidia wa wafanyakazi kama sheria inavyotaka. Baada ya siku chache akapanda pikapu yake akaenda Kansay, nami nikadandia, nimebeba chupa ya chai.

Tulimkuta amelala ubavu. Marsela alikuwa amepiga magoti sakafuni anamvalisha soksi, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Daktari alikuwa amesema asipopelekwa mapema hospitali kubwa, mguu unaweza usirudi. Ng'ombe mmoja walikwisha kumuuza na hata vipimo havijakamilika.

"Sylvesta, ndugu yangu," mzee Abdulwahabu akasema, "sheria inanitaka nihakikishe unapofanyia kazi ni salama, na ukiumia niripoti. Ukiwa umeumia kwangu, mfuko wa fidia utagharamia matibabu yako, na kama hutarudi kubeba, upo utaratibu wake. Ukiwa umeumia nyumbani, mimi sina la kuwaambia. Na muda wa kudai una mwisho. Niambie tu, umeumia wapi?"

"Nimeanguka paani, tajiri."

Mzee akatazama juu, kwenye bati lililokuwa halivuji popote. Kisha akaaga, akaenda kunisubiri kwenye gari.

Nilibaki nikampa vidonge vyake. Nilimwambia, wewe unakufa na tai shingoni, na tai yenyewe huna. Nani atakuletea heshima ukiwa unatambaa? Yule mzee anakuja na haki yako mkononi, unamrudisha. Nilisema mpaka mate yakaniishia. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu, halafu akasema taratibu, "Mama Muksini, nikisema hili moja limenishinda, hata yale yote niliyobeba yatakuwa hayakubebwa."

Nikachukua chupa yangu ya chai nikatoka. Njiani nilikasirika mpaka nikalia, mzee Abdulwahabu akajifanya anasikiliza injini.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Marsela. Mwanamke wa maneno machache, mchapakazi, hana hili wala lile. Hadithi ya paa haikukaa bure, watu waliitia chumvi. Mume anashinda akibeba magunia mjini, akirudi mke anampandisha paani na mvua. Wengine wakasema ngazi aliiondoa kusudi. Mnadani nilimwona anachagua ndizi, wanawake wawili wakanong'onezana, mmoja akamuuliza kwa sauti kama ameshapata mtu mwingine wa kuziba bati. Marsela akalipa ndizi zake akaondoka. Nilimfuata nikamwambia, dada, kwa nini huwaambii? Akasema, "Akitaka waambiwe, atawaambia yeye." Basi. Akaweka ndizi kichwani akaenda.

Ndipo akaja mkaguzi wa usalama kazini. Tulitegemea mzee mwenye tumbo na faili kwapani. Akashuka binti mdogo, Felista, umri wa mwanangu wa mwisho, kofia ngumu kichwani, salamu kwa kila mtu mpaka mimi getini. Mzee Abdulwahabu alikuwa ameagiza wapakiaji wote wakusanyike chini ya banda, nami nikasogea na vikombe vyangu, na pikapu ikamleta Sylvesta kutoka Kansay, kwa sababu bado alihesabika ndiye mkuu wao. Alishuka na fimbo. Marsela alimshika mkono upande wa pili. Sylvesta hakuweza kuketi, ikabidi asimame ameegemea nguzo, na Marsela akakaa chini kwenye kreti ya vitunguu, karibu na miguu yake.

Felista aliwafundisha kuinua mzigo. Usogelee, kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka, uushike karibu na kifua, usijipinde ukiwa umebeba. Mzigo mkubwa, ama wawili, ama toroli. Akamwita Mepukori aonyeshe. Mepukori akachuchumaa kwa mbwembwe, suruali ikaachia mshono wote wa nyuma, na hapo somo likasimama kwa muda. Hata Sylvesta alicheka, akajishika kiuno. Felista naye alicheka, akasubiri tukamaliza, kisha akaweka mkono juu ya lumbesa moja. "Hiki kilemba kinashuka leo," akasema. "Hakuna namna salama ya mtu mmoja kubeba kitu hiki. Mzee, huu ni wajibu wako." Mzee Abdulwahabu akasema amesikia. "Na nyie wenzangu mna wa kwenu. Ukiona hatari useme. Ukiumia useme. Anayeficha, anamwacha mwenzake apite palepale alipoangukia yeye."

Halafu akauliza nani ameumia pale tangu msimu uanze.

Loserian akatazama viatu vyake. Mzee Abdulwahabu alimtazama Sylvesta, na mimi nikamtazama Sylvesta mpaka macho yakaniwasha. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Nikayameza, kwa sababu nilijua nikisema mimi atakataa, na akikataa mbele ya mkaguzi yamekwisha.

"Huyu naona ana fimbo," Felista akasema.

Sylvesta akafungua mdomo. Mepukori akamwahi, tena kwa nia njema, kumfunika mkuu wake. "Huyo ni bati la nyumbani, madamu. Siku hizi Kansay ukipanda paani, kwanza unamuuliza mkeo kama leo mmepatana." Wanaume wakaangua kicheko. "Ngazi ilishikwa na yeye huyo hapo," mwingine akadakia, "na iliachiwa vizuri sana."

Marsela naye akacheka.

Hicho kicheko ndicho sitaki hata kukielezea. Alicheka kwa meno, ameinamisha kichwa, mikono inakunja na kukunjua upindo wa khanga, kama mtu anayelipa deni ambalo si lake na hataki wamwone akihesabu. Kwa miezi yote ile alikuwa anabeba maneno hayo mahali ambapo Sylvesta hayupo. Leo alikuwepo. Nilimwona anamtazama mkewe kutoka juu, kile kitambaa chake cha kichwa, mabega yanavyotikisika, na nikaona kitu kimebadilika usoni mwake. Sijui ni hasira au ni aibu. Nadhani zilikuja pamoja.

"Mepukori," akasema, "nyamaza."

Hakupandisha sauti.

"Nyumbani kwangu sijawahi kuanguka. Bati langu halivuji. Mke wangu hajashika ngazi yoyote." Akanyanyua fimbo akaonyesha ubao uliokuwa umeegemezwa kwenye Fuso. "Nilianguka pale. Nilikuwa nimebeba lumbesa. Gunia lilinishinda."

Mtu ambaye maisha yake yote ya mjini yalisimama juu ya neno moja ambalo halisemwi, amelisema, mchana kweupe, mbele ya wale aliowafundisha wasiliseme. Nilitegemea watamgeuzia mgongo. Nilishika kikombe tayari kumrushia wa kwanza atakayethubutu, wallahi ningemrushia.

Loserian ndiye aliyeinua kichwa. "Na mimi kiwiko," akasema. "Ni hapahapa, yeyo." Sijui kwa nini aliniita mama kwa Kimasai akaniambia mimi, badala ya mkaguzi. Kisha Mepukori, amejifunga sweta kiunoni kuficha suruali, uso umemshuka kabisa, akasema bega lake hakulilalia vibaya. Felista akavuta kiti akaanza kuandika polepole, jina moja baada ya jingine. Mzee Abdulwahabu akavua kofia yake akajifuta uso, akasema, "Andika, binti yangu. Yote andika."

Yaliyofuata yana sifa zake. Dai lilipita, Sylvesta akapelekwa hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji, mguu ukarudi ingawa unaburuta kidogo. Kubeba hakubebi tena. Yuko Kansay na mbuzi wake na mfuko unamtumia kilicho haki yake, na siku za mnada anapita kunywa chai, tunawasengenya hawa wa vizibao vya kung'aa wanaopakia kimya kimya kama wezi. Ananiuliza kama bado kuna anayeimba. Namwambia hakuna. Anasema labda ni heri, halafu tunakaa wote wawili tunatazama toroli.

Lakini nikiwa peke yangu na unga wangu, ninapokumbuka siku ile, sikumbuki dai wala mkaguzi. Namkumbuka Marsela pale kwenye kreti. Kicheko kilikuwa kimemkatikia mdomoni. Akajifunika uso kwa khanga akalia, kwa sauti, mbele ya wanaume wote, yeye ambaye mnadani hakutoa hata chozi. Sylvesta alitaka kumwinamia, mgongo ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Basi akabaki amesimama vilevile, vidole vyake vimefika tu kwenye kitambaa cha kichwa cha mkewe, anamwambia maneno kwa Kiiraqw, mengi, taratibu, na wale wa Kansay waliokuwa wanayaelewa wakageuka kutazama ukutani.